Hatua Kumi na Moja Kutoka Nguzo ya Geti

Kasese, Jumatatu 24 Juni 2013

Mama Emérance,

Makaburi sitini na matatu ya wafanyakazi wa mgodi, yaliyofunikwa na mchanga wa mafuriko ya mwezi wa tano, yatahamishwa kabla ya wiki ya kwanza ya Agosti kwisha. Hayo yamesemwa leo saa nne asubuhi na Bwana Yafesi, katibu wa kamati ya makaburi. Nilikuwepo, maana redio ilinituma. Kaburi la baba ni mojawapo.

Yaliyoamuliwa ni haya. Kila familia ionyeshe mahali pake kufikia Jumatano tarehe 10 Julai, na hapo kitapigwa kigingi. Kigingi ni kimoja kwa kila familia. Uchimbaji unaanza Jumatatu tarehe 29. Atakayepatikana chini ya kigingi atazikwa upya kwa jina lake katika kiwanja kipya cha juu, mbali na mto. Wasio na kigingi watachimbuliwa mwishoni na kuwekwa pamoja katika shimo moja, chini ya msalaba usio na majina. Tarehe 2 Agosti trekta zitaingia kujenga ukingo, na baada ya hapo hakuna atakayechimba tena.

Nilipita kutazama. Mchanga unafika kiunoni. Misalaba ya chuma imekwenda na maji. Pale palipokuwa na safu ya kwanza pamelala mawe makubwa kuliko pikipiki. Geti limebaki nguzo moja.

Ushauri wangu ni kwamba tumwache baba aende katika kaburi la pamoja. Alifanya kazi na watu wale kwa miaka mingi. Sidhani kama angekataa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ya sikio lako. Mbambu atakuletea barua hii kesho akienda soko la Bwera na samaki wake.

Aber Olanya


Bwera, Ijumaa 28 Juni 2013

Aber mutoto wangu,

Mbambu alileta barua yako Jumanne pamoja na harufu ya samaki. Nimeisoma mara mbili na jibu yangu ni hapana. Olanya hawezi kuzikwa kama mifupa ya kuokotwa njiani. Nilikuwa bibi yake miaka kumi na tisa. Najua wakati nilifika kwake wewe ulikuwa umeshakuwa mutu mukubwa na kazi yako, na mama yako alikuwa ameshakufa, na unaniita Mama Emérance kama vile batu yote ya soko banavyoniita. Juu ya ile sijalia hata siku moja. Juu ya kaburi ya bwana yangu nitalia.

Tena siku iko karibu. Unajua kwetu Congo tarehe mosi ya mwezi wa munane ni siku ya bazazi. Serikali inafunga ofisi, asubuhi batoto banaenda kwa kaburi ya muzazi wao, banang'oa majani, banafagia, banapaka chokaa. Mwaka ya 2011 tulifagia wewe na mimi. Mwaka iliyofuata nilikuwa nimeshahamia huku Bwera kwa ndugu zangu, na nilikuwa nimevunjika kiuno pale darajani, nikakuomba uende peke yako. Ulienda. Uliniandikia, na ile barua iko ndani ya Biblia yangu. Sikiliza:

"Nilifika saa moja na robo. Kaburi liko hatua kumi na moja kutoka nguzo ya geti, upande wa kushoto, la nne katika safu. Kichwani lina jiwe jeupe la ukubwa wa sufuria. Niling'oa majani, nikafagia kuelekea miguuni, nikamaliza saa tatu kasorobo."

Unaona? Mimi nilikuwa najua ile fasi ya kaburi kwa misalaba ya jirani na kwa maua ya manjano, na umeandika kwamba ile yote imekwenda na maji. Lakini wewe mwenyewe njo ulipima. Nguzo moja imebaki, na nguzo moja inatosha. Nimemutuma mwana wa ndugu yangu, Jean-de-Dieu, ameipeleka barua yako kwa Yafesi jana na pikipiki. Miaka nilifundisha shule Butembo niliambia batoto kila siku: andika, siku moja itakusaidia. Sasa imetusaidia.

Mimi siwezi kupanda kule na hii kiuno. Utasimama wewe kwa ajili yetu.

Mama yako,
Emérance


Kasese, Jumatatu 1 Julai 2013

Mama Emérance,

Nina ombi moja: mwandikie Bwana Yafesi airudishe barua ile.

Haikuandikwa kwa kazi ya kupimia. Hatua ya mtu si futi. Geti lilikuwa na nguzo mbili, na sina hakika iliyobaki ni ipi. Katika kazi yetu hatusimamishi habari juu ya chanzo kimoja. Kigingi kikipigwa mahali pasipo pake, atachimbuliwa mtu mwingine na kuzikwa kwa jina la baba, na familia ya mtu huyo itamkosa.

Nimekwenda kwa Yafesi na kumweleza hivyo. Alikataa. Alisema barua hiyo ni ushahidi bora kuliko wote aliopata: "Wenzenu wananiletea machozi, nyinyi mmeniletea vipimo. Nyinyi Wacongo na sikukuu yenu ya kufagia, kumbe ina faida." Nilimwambia mimi si Mcongo. Akasema katika jambo hili ni afadhali ningekuwa.

Mwandikie wewe. Wewe ndiye mjane, atakusikiliza.

Aber


Bwera, Ijumaa 5 Julai 2013

Aber mutoto wangu,

Unaogopa nini? Yafesi ameshapima. Kigingi namba kumi na saba, jina OLANYA kwa rangi nyeupe. Amenitumia habari kwamba ni kaburi ya kwanza kupatikana bila ubishi.

Sasa soko yote inajua. Jana muke wa pale kwa chumvi aliniambia: "Emérance, una bahati. Mutoto wa kambo kukufagilia kaburi na kupima hatua? Wangu niliyezaa mwenyewe hajui hata baba yake alizikwa wapi." Niligeuka nikakunja vitenge vya duka yangu. Nilikuwa na furaha, na sikutaka aone.

Nimekata kitambaa nyeupe ya kumufunga. Mita tano, juu yeye alikuwa murefu. Mbambu atakuletea. Usiandike tena mambo ya nguzo. Mutu amefanya kazi muzuri, aiache ifanye kazi yake.

Mama yako,
Emérance


Kasese, Alhamisi 11 Julai 2013

Mama Emérance,

Kigingi namba kumi na saba kimepingwa jana saa tano mbele ya kamati. Aliyekipinga anaitwa Loyi, mjane wa Mugume, fundi wa umeme wa mgodini aliyezikwa mwaka 2008. Nakuandikia maneno kama yalivyosemwa. Niliyaandika palepale.

"Nani aliweka jina ya Mwacholi juu ya bwana yangu?" aliuliza Loyi.

Yafesi akamwambia: "Mama Loyi, kaa chini kwanza. Una karatasi?"

"Karatasi ya nini? Mimi nilizika mtu, sikuzika karatasi."

"Familia ya Olanya ina barua. Ina saa, ina hatua, ina jiwe. Imeandikwa na mtu wa redio."

"Redio!" akasema Loyi. "Redio si ilituambia mwezi ya tano mvua iko kidogo? Nyumba yangu ilienda, na kitanda ndani."

Watu walicheka. Loyi hakucheka. Alisema mumewe alijengewa ukingo wa saruji pande zote, na kwamba wakichimba kidogo wataukuta. Yafesi alisema hakuna kuchimba kabla ya tarehe 29, kwa yeyote. Kisha akanigeukia.

"Aber, wewe uko hapa. Umalize ubishi. Ulipima ama hukupima?"

Nilisema naomba muda hadi Jumatatu. Nilisema hivyo mbele ya watu ishirini na sita. Loyi alinitazama, akasema: "Mtu alipima haombi siku."

Yuko sawa. Sikupima.

Tarehe 1 Agosti 2012 sikufika makaburini. Saa moja na robo nilikuwa njiani kwenda Katunguru, ambako lori la samaki lilikuwa limepinduka kwenye daraja. Nilirudi saa kumi na moja jioni. Ningeweza kwenda makaburini siku ya pili, sikwenda. Nilikaa ofisini nikaandika barua yako kwa dakika kumi. Hatua kumi na moja, kaburi la nne, jiwe jeupe, saa tatu kasorobo: vyote nilivitunga. Niliweka namba kwa sababu najua watu huamini namba. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, na hiyo ndiyo habari pekee niliyowahi kuitunga.

Sikumbuki kaburi liko wapi. Mwaka 2011 nilikuwa nyuma yako, natazama simu.

Nilijua haya tangu ulipoandika kwamba barua imepelekwa kwa Yafesi. Yale niliyosema kuhusu nguzo na futi yalikuwa njia ya kukwepa kuyasema. Kama Loyi asingesimama jana, sijui kama ningeyasema leo.

Jumatatu tarehe 15 nitaieleza kamati. Nimeona usiyasikie kwanza sokoni.

Aber


Bwera, Ijumaa 12 Julai 2013

Aber,

Nimesoma.

Ile barua ya mwaka jana nilikuwa naisoma kila Jumapili nikitoka misa.

Usiniandikie tena.

Emérance


Kasese, Alhamisi 18 Julai 2013

Mama Emérance,

Umesema nisiandike. Kuna karatasi ambayo mjane peke yake ndiye anayeweza kuitia sahihi, na siku yake ya mwisho ni Jumatano tarehe 24. Kwa hiyo naandika mara hii, nawe utaamua.

Jumatatu niliisomea kamati barua ya 2012, kisha nikasema ni ya uongo tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Yafesi aliichukua barua, akaikunja. Akauliza: "Kesho habari za saa saba unasoma wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Haya." Alikwenda na wazee wawili, wakachomeka nondo mchangani kando ya kigingi namba kumi na saba. Nondo iligonga saruji pande zote nne, kama Loyi alivyosema. Jina la baba limefutwa kwenye kigingi na la Mugume limeandikwa. Tumebaki bila kigingi. Kwa kuwa kosa liligunduliwa baada ya tarehe 10, kamati imetuongeza wiki mbili kutoka tarehe hiyo.

Jumatatu hiyohiyo jioni nilikwenda kwa Loyi. Anaishi katika chumba kimoja nyuma ya kanisa tangu mafuriko. Hakunifungulia. Jumanne alifungua, akanipa ungo wa maharage nichambue, akaniacha nayo mpaka yakaisha, akasema asante na kwaheri. Jana alinikalisha.

Nilimwuliza kama anamkumbuka jirani wa mumewe. Majibu yake ni haya:

"Yule mrefu? Nilikuwa naenda kila Jumamosi ya kwanza kwa mwezi. Mwaka ya kwanza alikuwa na mwanamke, mwenye kufagia vizuri. Halafu akakosa mtu. Majani yake ikaanza kuingia kwa bwana yangu. Nikasema, sasa nitafagia nusu? Nikawa nafagia wawili."

Nikauliza na mwezi wa nane mwaka jana.

"Na mwezi ya nane. Wewe ulikuwa unaandika, mimi nilikuwa nafagia."

Nilikwenda naye mtoni. Kutoka ukingo wa saruji wa Mugume, upande wa mto, kuna nafasi ambayo Loyi amejiwekea azikwe. Baada ya nafasi hiyo ndipo alipo mtu aliyekuwa akimfagia. Ameweka fimbo hapo. Anasema siku mtu huyo alipozikwa aliona wachimbaji wamekosea kipimo: jeneza lilikataa kuingia, likawekwa kando, shimo likaongezwa upande wa miguu watu wakingoja juani.

Hicho ni chanzo kimoja, na nimeshakuonyesha mimi ni mtu wa namna gani na chanzo kimoja. Wewe ulikuwepo kwenye maziko. Mimi nilikuwa getini, nikiongea na simu. Je, shimo liliongezwa? Kama ni kweli, tia sahihi karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, kigingi kipigwe kwenye fimbo ya Loyi. Nyuma yake andika alama yoyote ya mwili ambayo itatuonyesha kwamba aliyepatikana ni yeye. Kama si kweli, usitie sahihi, naye atakwenda na wenzake.

Sitaandika tena usiponijibu.

Aber


Bwera, Jumanne 23 Julai 2013

Aber wa redio,

Ni mimi Mbambu wa samaki. Mama hataki kuandika, basi naandika mimi, na mwandiko yangu utaivumilia, mimi nilitoka shule kwa dirisha.

Karatasi ya Yafesi iko ndani. Ametia sahihi. Ijumaa nilimupa barua yako akasoma, akairudia, akafika pale pa shimo kuongezwa akapiga meza na mukono. Akasema: "Wee! Kweli. Watu walingoja, mimi nikashika mwavuli juu ya jeneza kama vile Olanya angesikia jua." Akacheka. Halafu akakasirika tena kwa sababu alicheka.

Nyuma ya karatasi ameandika alama. Paja ya kushoto iko na chuma, waliweka hospitali mwaka ya 1974 wakati jiwe ilimwangukia mgodini. Anauliza kama wewe ulijua. Nilisema bila shaka unajua, ni baba yako. Sasa kama hukujua, usimwambie mimi nilijibu.

Sasa nasema ile hajanituma niseme. Wewe unajua asubuhi ya ile siku yao ya wazazi. Mchana hakukuambia. Asubuhi ni ya wale wamekufa, mchana ni ya wale wazima. Watoto wanakuja kwa mzazi na chakula, na soda, na kitenge, wanakaa naye mpaka jua inaenda. Hapa Bwera Wacongo wote wanafanya, mpaka mimi wameniharibia, mama yangu pia sasa anadai kuku.

Mwaka jana ile siku nilipita kwake saa tisa kumwonyesha samaki ngege. Duka imefungwa. Nikagonga, akafungua kidogo. Amevaa nguo ya misa. Nikamwuliza, "Mama, unangoja nani?" Akasema, "Singoji mutu, nafunga kula juu ya Olanya." Kufunga gani? Niliona meza. Sahani zilikuwa mbili.

Juzi nikamwuliza kwa nini hakukuambia, maana wewe ni mtu wa Uganda, ungejulia wapi? Akasema: "Ile kitu hauwezi kuomba mutoto ambaye haukuzaa. Akileta, ameleta."

Basi. Akijua nimeandika hii atanunua samaki kwa mwingine, na wewe utakula zote zenye zitabaki.

Mbambu


Kasese, Jumatatu 29 Julai 2013

Mama Emérance,

Baba amepatikana leo saa tano na dakika ishirini, chini ya kigingi kilichopigwa kwenye fimbo ya Loyi. Chuma kipo, paja la kushoto, kikiwa na skrubu nne. Yafesi ameliandika hilo katika daftari la kamati, na wazee wawili wametia sahihi.

Kina kilikuwa zaidi ya tulivyodhani, futi nane pamoja na mchanga. Shimo ni refu upande wa miguu kuliko mengine yaliyofunguliwa leo. Jeneza limeoza upande mmoja. Nilishuka mwenyewe. Kitambaa chako kilitosha, na kikabaki kama mita moja. Loyi alishika ncha ya pili tulipomfunga. Mumewe alikuwa ametolewa saa tatu, naye alikuwa ameshamaliza yake. Angeweza kwenda nyumbani.

Sikujua habari ya chuma. Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1974. Nilidhani alichechemea kwa sababu ya uzee, hata wakati alipokuwa hajazeeka.

Wengi hawakupatikana kirahisi hivi. Familia tatu zimechimba leo zikakuta mchanga mtupu.

Maziko ya upya ni Alhamisi tarehe 1 Agosti, saa mbili asubuhi, katika kiwanja cha juu. Padri amekubali. Loyi ameomba Mugume na baba wawekwe kama walivyokuwa, na nafasi yake katikati. Nimekubali kwa niaba yako. Kama nimekosea, kuna muda wa kubadilisha hadi Jumatano jioni. Baada ya padri kuondoka nitafagia. Loyi ataniangalia. Amesema hivyo mwenyewe.

Kuna jambo jingine. Kutoka kwa mtu ambaye sitamtaja, nimepata habari kwamba siku hiyo ina sehemu ya mchana. Sikuijua. Mwaka jana saa nane mchana nilikuwa Katunguru nikihesabu kreti za samaki barabarani, na mwaka wa kabla ya huo, tulipomaliza kufagia, nilikushika mkono nikarudi kazini.

Sitaki kuja kwa sababu mtu mwingine ameniambia nije. Nimekosa haki ya kujialika. Kwa hiyo nakuuliza wewe: nije?

Mbambu atasubiri jibu. Nimemwambia asikusumbue.

Aber


Bwera, Jumanne 30 Julai 2013

Aber,

Mutu usiyemutaja ananuka samaki. Nimemwambia, akaapa kwa watakatifu wote kwamba haikuwa yeye, halafu akauliza utaleta kuku ama mbuzi.

Nimesoma ya chuma. Nimesoma ya kitambaa. Nililia, sasa nimemaliza. Loyi akae katikati, ni haki yake. Umwambie kitenge yake iko hapa dukani kwangu, ya rangi atakayotaka, na siyo ya kumulipa. Kama anaweza kupanda gari, siku moja umulete anione. Mutu amefagia bwana yangu bila kujua jina yake, nataka kumuona uso.

Sasa wewe. Ile ya mwaka jana sijamaliza kuikasirikia. Nisikudanganye, juu ya kudanganyana tumefanya ya kutosha. Mimi pia nilikudanganya. Nilikuambia siku ya bazazi ni ya kaburi tu, nikakaa nyuma ya mulango kuona kama utafika. Mutoto hajafundishwa somo, mwalimu anamupa mutihani. Kama ni shule yangu ya Butembo ningemufukuza ule mwalimu.

Umeniuliza uje. Hii njo jibu.

Asubuhi umufagie vizuri. Udongo ni mupya, hakuna majani, lakini ufagie. Umwambie nimeshindwa kupanda kule na kiuno hii, na kwamba mwavuli ule bado niko nao. Usipime kitu.

Ukimaliza, oga. Kuku uchague mwenye miguu ya manjano, umulete muzima, tutamuchinja hapa. Wewe njo utapika. Mbambu anasema haujui kupika, na hiyo mimi nataka kuiona kwa macho yangu. Soda usilete, Jean-de-Dieu atanunua. Kitenge usilete kabisa, unataka kuleta maji mutoni? Kalamu na kile kitabu yako kidogo uviache ofisini. Habari ya ile mchana haitaandikwa na mutu.

Babibi ya soko batakuja kukuangalia. Muke wa chumvi atakuja mbele ya wote. Atakuuliza ya hatua kumi na moja, maana imeshafika hapa. Umujibu mwenyewe. Mimi sitakujibia, lakini nitakuwa nimekaa karibu.

Alhamisi si siku ya soko, magari ni machache. Ile ya saa tano na nusu inatoka Kasese ikijaa, inapita Kinyamaseke bila kukawia. Upande hiyo. Mwambie dereva akushushe kwa duka ya vitenge kabla ya daraja, banaijua.

Tunakula saa nane, Alhamisi tarehe mosi.

Emérance